Visanamu Vinavyoitika

Nilirudi Babati kwa wiki mbili. Ndivyo nilivyosema siku ile nashuka stendi na begi moja la mgongoni: wiki mbili, mama apate nafuu, niondoke. Mama alikuwa amepata kiharusi. Upande wa kulia wote ulikuwa umekufa ganzi na mdomo umekwenda pembeni. Kaka yangu alikuwa na kazi yake Dodoma, dada yangu alikuwa na mume na watoto Moshi. Mimi nilikuwa nimemaliza ualimu na nasubiri ajira, na kusubiri ajira, machoni pa ndugu, ni kutokuwa na shughuli. Nikaja mimi. Mwaka wa nne ukanikuta bado niko Maisaka, mtaa wetu wa hapo Babati, kwenye chumba ambacho zamani kilikuwa stoo, nalala kati ya ukuta na magunia ya mahindi, na lile begi la mgongoni sasa linatunza maharage ya mbegu.

Watu waliniambia nina moyo. "Una moyo, mwanangu. Mungu atakulipa." Jamani, mimi sina moyo wowote wa ajabu, mimi ni mtu wa hasira. Nikienda sokoni, mama muuza nyanya ananiuliza, "Mwalimu, upo?" Najibu, "Nipo, mama," huku nimeuma meno, maana nilishasikia wanachosema nikipita. "Yule? Yupo yupo tu." Anayejua Kiswahili anajua neno hilo likirudiwa linavyochoma. Ukisema mtu yupo, ni mzima. Ukisema yupo yupo tu, umeshamzika.

Mwanzoni mama hakuweza kusema kabisa, kwa hiyo nilimwekea kikombe cha bati na kijiko upande wa mkono mzima. Akitaka kitu, agonge. Maneno yalianza kurudi polepole, moja moja, lakini kijiko hakikuondoka. Ti, ti, ti. Niko jikoni, ti, ti, ti. Niko chooni, ti, ti, ti. "Abee, mama!" Geuza mto. "Abee!" Fungua dirisha. "Abee!" Funga dirisha, vumbi. Ilifika mahali fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara akigonga rimu, mimi huku naruka, "Abee!" Majirani walicheka mpaka basi, na mimi nilicheka nao, kisha nikaingia stoo nikalia.

Kilichoniokoa nisirukwe na akili ni kazi ya tafsiri. Rafiki niliyesoma naye aliniunganisha na mhariri mmoja wa Dar es Salaam aliyekuwa anatoa kitabu cha watoto kuhusu Misri ya kale. Ananitumia kurasa kwenye simu, natafsiri kwenye daftari nimekaa kwenye kigoda kando ya kitanda cha mama, halafu nachapa kwa simu hiyo hiyo mpaka kidole gumba kinauma. Piramidi nilizipita, wafalme nikawapita, paka nao nikawapita bila shida. Kisha ukaja ukurasa wa visanamu vya mazishi na masanduku yake.

Wamisri wale waliamini kwamba mtu akifa, huko aendako kuna mashamba kama haya ya kwetu, na mashamba hayajilimi. Siku yoyote utaitwa: njoo ulime, njoo umwagilie, njoo uhamishe mchanga kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Nani anataka afe halafu ashike jembe? Basi mtu aliyejiweza alizikwa na visanamu vidogo vya kushika mkononi, vingine vya mbao, vingine vya udongo wa bluu ya kung'aa. Vimeviringishwa sanda kama maiti, mikono imekunjwa kifuani, na mikononi majembe. Mgongoni kimechorwa kikapu cha mbegu. Huko likiitwa jina la marehemu, kisanamu ndicho kinachoitika na kwenda shamba, mwenyewe amelala zake. Baadaye watu wakaviita hivyo hivyo, waitikaji.

Masanduku ndiyo yaliyonikaa rohoni. Zamani za mwanzo kisanamu kiliweza kuwa na jeneza lake dogo, la peke yake, kama mtu. Baadaye vikawa vingi, kimoja kwa kila siku ya mwaka, vikapangwa kwenye sanduku la mbao lililopakwa rangi, lenye mfuniko uliobinuka. Humo ndani viliwekwa pamoja na wanyapara, mmoja kwa kila kumi, kashika mjeledi. Na kadiri vilivyozidi wingi ndivyo vilivyotengenezwa hovyo, vingine havina hata uso. Nilipofika kwa wanyapara nilicheka kwa sauti. Wangu walikuwa wawili tu, na mijeledi yao ilikuwa simu. "Umempa dawa ya presha?" "Umemgeuza?" "Mbona kwenye picha kama amekonda?"

Sasa, kisanamu kikiitwa kinajibu nini? Hapo ndipo nilipogombana na mhariri. Mimi niliandika "Abee!" bila hata kufikiri. Mhariri akapiga simu.

"Mwalimu, hapa umeteleza. Abee ni ya wanawake. Hivi kwenye picha ni vya wanaume, kimoja kina ndevu kabisa. Weka 'Naam'."

"Wanawake nao walizikwa na vyao," nikasema.

"Sawa, lakini mtoto akiona ndevu halafu asome abee, darasa zima litacheka."

Alikuwa na haki, na ndiyo maana nilikasirika. Nilitafsiri kama mtu ambaye maishani mwake hajaona mwanamume akiitwa kazini. Nikakaa na lile neno siku nzima. Nilipika uji wa ulezi nikiwa nalo, nikafua mashuka nikiwa nalo. Jioni nikamwandikia: "Nipo." Linafaa kwa mwanamke na mwanamume, kwa mwenye ndevu na asiye nazo. Unaitwa kwenda kulima, unasema nipo. Mhariri akajibu, "Hapo umepiga penyewe!" Nilifurahi kama mtoto, wala sikujua najichimbia shimo.

Nilikuwa na kawaida ya kumsomea mama kila ukurasa ukikamilika, nione kama Kiswahili kinapita. Mama ni mtu wa Dareda, amelima mahindi na maharage tangu ana nguvu za kubeba jembe, na mambo ya wafalme hayakumshtua hata kidogo. Ila visanamu alivipenda. Aliviita "wale watu wako wa sandukuni."

"Majembe wamepewa?" aliuliza. Siku hizo alikuwa anatoa sentensi nzima, ila kwa vipande, kama mtu anayepanda ngazi.

"Wamepewa, mama. Na kikapu cha mbegu."

"Na chakula?"

"Chakula chao hawajaandika."

"Wameandika jembe... wakasahau chakula." Akasikitika kweli. "Hao ni matajiri tu."

Nikacheka. Akapumzika kidogo, akauliza tena, "Na wakiitwa, wakikataa?"

"Hawawezi kukataa, mama. Kazi yao ni kuitika."

"Nani aliwauliza?"

"Wa udongo hao, mama. Nani amuulize udongo?"

Alinitazama kwa jicho lake lile zima, akatazama na ukuta, na mimi nikaendelea kuchapa.

Inabidi niseme na hili, ingawa naona aibu. Kuna siku moja, jua la saa nane, nilikuwa nyuma ya nyumba nachambua maharage, kijiko kikaanza. Ti, ti, ti. Nikanyamaza. Kikaendelea. Nikahesabu mpaka ishirini, sikuinuka. Nilipoingia hatimaye niliingia na maneno: "Nini tena! Si niko hapa hapa! Nimekwenda wapi mimi? Nimewahi kwenda wapi?" Mama alikuwa anaonyesha dirishani kwa kidole. Kuna ndege wadogo walikuwa wameingia kati ya nondo na wavu, wanahangaika, alitaka niwaone. Basi. Akanyoosha ule mkono wake mzima, akasukuma kijiko chini ya mto. Siku mbili hakugonga. Siku ya kwanza alikaa kwenye shuka lililolowa hadi nilipoenda mwenyewe kuangalia. Niligeuza mto, nikatoa kijiko, nikakiweka mkononi mwake na kumwomba msamaha nikiwa nimepiga magoti. Nilimpenda mama yangu. Watu wasidhani nilikosa mapenzi. Nilikosa hewa.

Naye alikosa. Hilo nilichelewa kuliona. Mwanamke aliyekuwa anatembea kwa mguu kutoka shamba hadi mnadani na kurudi, sasa dunia yake ni dirisha lenye nondo. Tulikuwa sanduku moja, yeye kalala, mimi nimesimama.

Halafu ajira ikatoka.

Orodha iliwekwa mtandaoni saa nne asubuhi, na saa nne na nusu rafiki yangu alikuwa ananipigia kelele kwenye simu. Jina langu lilikuwemo. Sekondari moja ya kata, mkoani Mtwara, somo la historia na Kiswahili, niripoti ndani ya siku kumi na nne. Nisiporipoti, nafasi anapewa mwingine, na mimi narudi mwisho wa foleni niliyosimama tangu nina sura ya kitoto. Nilikwenda stationari ya karibu na stendi nikachapisha ule ukurasa wenye jina langu na siku za kuripoti. Nilirudi Maisaka kwa miguu, bodaboda wananipigia honi, siwasikii. Karatasi niliificha kwenye sanduku la bati la mama lililo chini ya kitanda chake, katikati ya vitenge, mahali ambapo hakuna mtu afikaye isipokuwa mimi.

Mama sikumwambia. Ningeanzaje? Nilituma kwenye gurupu la familia. Dada akajibu na maua na "Hongera sana mdogo wangu!!" Baada ya saa nzima kaka akatuma ujumbe wa sauti. Nilibonyeza nikiwa na mikono yenye sabuni, simu iko juu ya meza, spika imefunguka. Sauti yake ikajaa nyumba: "Kwanza hongera. Ila tusiwe na haraka. Mtwara ni mwisho wa dunia. Tukikaa kikao Jumapili ya wiki ijayo tutaangalia, lakini mama haachwi, na kusema kweli sisi wengine tuna majukumu. Yeye si yupo tu hapo nyumbani? Ajira zitatoka tena."

Nilizima. Nyumba nzima ilikuwa kimya, hata kijiko.

Nilipompelekea mama uji, aliufumba mdomo. Nikangoja.

"Mtwara," akasema. "Ni mbali?"

"Nani kakwambia Mtwara?"

"Nina kiharusi," akasema mama yangu. "Sina uziwi."

Nikamwambia ni siku mbili za basi. Akafungua mdomo, akala uji wake wote, na hakuliongelea tena jambo hilo. Mimi nilichukulia kwamba amenikatalia kwa ustaarabu. Nikaendelea kuhesabu siku. Ya tano, nikafua. Ya saba, nikampeleka kliniki kwa bajaji, daktari akasema anaendelea vizuri, endeleeni hivyo hivyo. Endeleeni! Ya nane, nilikaa stoo mbele ya magunia nikafanya mazoezi ya kusema. Nilikuwa nimeandika sentensi yangu nyuma ya daftari la tafsiri: "Naomba mnisikilize. Miaka hii yote nimemtunza mama. Sasa naenda kuripoti, tupange nani atabaki naye." Niliyaambia magunia mara kumi na magunia hayakupinga.

Jumapili ilikuwa siku ya kumi. Kaka alifika na gari lake baada ya ibada, dada alifika na basi la asubuhi kutoka Moshi, kabeba ndizi na soda. Tulimkalisha mama sebuleni kwenye kiti cha mito, kikombe na kijiko juu ya kistuli pembeni yake. Walikula kuku niliyemchinja mimi, kumnyonyoa mimi, kumkaanga mimi. Nikatoa vyombo. Nikarudi. Kaka akafungua kikao kwa sala, ndefu, akamshukuru Mungu kwa uhai wa mama na kwa moyo wa kujitoa wa mdogo wetu. Nilipofumbua macho nilijua tayari nimeshahukumiwa.

"Mama hawezi kuachwa," akaanza. "Kuleta mtu baki wa kumwogesha, ni aibu. Kumhamisha, atapata tabu, huyu ni mtu wa hapa. Mimi ratiba yangu mnaijua. Dada hapa ana nyumba ya watu. Sasa tunashukuru Mungu, katika sisi, wewe upo." Akanigeukia, kwa upole kabisa, maana kaka yangu si mtu mbaya. "Au nakosea? Si upo?"

Nilikuwa na sentensi yangu. Ilikuwa ulimini, naapa. Nikafungua mdomo.

"Nipo," nikasema.

Ilitoka yenyewe. Ilitoka kama inavyotoka sokoni, kama inavyotoka nikisikia rimu la baiskeli. Nililisikia likitua katikati ya sebule, neno langu mwenyewe, lile nililolitafuta siku nzima, nikalisafisha, nikasifiwa kwalo. Kaka akashusha pumzi. Dada akanishika goti, machozi yanamlenga, akasema, "Una moyo mdogo wangu." Kaka akasema basi, tumalize kwa sala, giza lisimkute njiani.

Ti, ti, ti.

Nikawa nimeshasimama. Mama akainua ule mkono mzima, kiganja kikinitazama, kama trafiki. Nikakaa.

"Mwite," akamwambia kaka.

"Nani, mama?"

Akalitaja jina langu.

Kaka akacheka kidogo. "Mama, huyu hapa mbele yako."

"Mwite."

Kaka akaniita, kwa jina, kumridhisha mgonjwa. Mimi midomo ikajipanga, A, na mama akanikata jicho ambalo sijalipata tangu nina miaka saba. Nikaufumba mdomo.

"Hayupo," mama akasema.

Kaka akamtazama dada, dada akanitazama mimi. Nikaona wanavyofikiri: ugonjwa umepanda kichwani. "Mama," kaka akasema taratibu, kama anaongea na mtoto, "si huyu, amekaa kwenye kigoda?"

"Nimesema hayupo." Alipumzika. Alivuta pumzi ya kupandia ngazi nyingine. "Ameripoti."

Mama akashusha mkono chini, akaelekeza kidole chumbani kwake. "Sanduku langu. Karatasi yake... imo. Nimemtuma muuguzi wa kanisa... anisomee. Siku kumi na nne. Zimebaki nne." Kumbe yule muuguzi wa kanisani aliyekuja kumwombea Jumatano, wakati mimi niko kisimani, alikuwa ametumwa kazi nyingine kabisa. Nikaanza kulia, kwa kelele, bila ustaarabu wowote, na kamasi.

"Lakini mama," kaka akasema, "nani sasa ata..."

Mama akachukua kijiko. Akamtazama kaka, akagonga. Ti, ti, ti.

Kaka akanitazama mimi. Nikatazama sakafu. Dada akaanza kuinuka, mama akasema, "Sijakuita wewe," na dada akarudi kitini. Akagonga tena, macho yake kwa mtoto wake wa kwanza, yule aliyezaliwa Dareda wakati wa mavuno na kubebwa mgongoni shambani.

Kaka akaweka soda yake chini, akafunga kifungo cha koti.

"Naam, mama," akasema.

"Maji."

Akasimama na suti yake ya kanisani, akaenda jikoni. Tukamsikia anafungua kabati, anafunga, anafungua lingine. Kitu kikaanguka. Akaita kutoka huko, "Jamani, vikombe viko wapi?"

Viko juu ya kabati, upande wa kushoto, nyuma ya chupa ya chai. Nilikuwa najua. Mama alikuwa ananitazama, nami nikauma ulimi.